Utamu Uendao Motoni

Katika mji wa Tunduma, ambako barabara kuu itokayo Dar es Salaam huvuka mpaka na kuingia Nakonde nchini Zambia, nyama ya kuchoma ni biashara isiyojua usiku wala mchana, kwa sababu madereva wa malori yaendayo Lusaka, Lubumbashi na kwingineko, wakingojea karatasi zao zipite mikononi mwa maofisa wa forodha, hawana budi kula, na mtu aliyeshinda kutwa nzima juu ya usukani hapendi kungojea chakula cha kupikwa ilhali moshi wa mbavu za mbuzi unamwita kutoka ng'ambo ya barabara. Desturi ya mchomaji wa huku, sawa na ya mwenziwe wa Arusha au Dodoma, ilikuwa chumvi, ndimu na makaa mema. Pilipili na kachumbari hukaa pembeni, na aliyetaka zaidi ya hayo alihesabiwa kuwa mtu wa makuu. Lakini miaka ya karibuni imeingia ladha nyingine, ya nyama iliyopakwa utamu ikang'aa kwa rangi ya hudhurungi, ladha iliyovuka mpaka pamoja na wasafiri wa Zambia na Afrika Kusini, ambako kuchoma nyama uani huitwa braai na huheshimiwa kupita karamu nyingi, na ikaongezewa nguvu na picha za mapishi ya Kimarekani zilizomo mkononi mwa kila kijana mwenye simu.

Mapishi hayo hayakosi kutaja sukari ya kahawia, na hapo ndipo msomaji wa Vwawa, Mlowo au Tunduma hukwama pasipo kujua kuwa amekwama. Akienda dukani ataona sukari yenye rangi ya kahawia hafifu, iliyotoka Kilombero, Mtibwa, Moshi au Kagera, au iliyovuka mpaka kutoka mashamba ya Nakambala karibu na mji wa Mazabuka nchini Zambia, naye atadhani haja yake imetimia. Sivyo. Sukari yetu ya nyumbani ina rangi hiyo kwa sababu viwanda haviisafishi mpaka ikawa nyeupe kabisa, hata punje zake zikabaki zimevaa utando mwembamba wa molasi, ule uji mweusi ubakiao maji ya miwa yakisha kuchemshwa na kutolewa fuwele za sukari. Walakini utando huo ni haba, na punje zenyewe ni kubwa na kavu. Sukari ya kahawia wanayoisema Wamarekani ni kitu kingine: aghalabu ni sukari nyeupe iliyosafishwa, yenye punje ndogo, ikarudishiwa molasi kwa kipimo, yapata sehemu tatu na nusu katika mia kwa ile ya rangi hafifu na sita na nusu kwa ile ya rangi nzito, hata ikawa na unyevu na kushikamana kiganjani kama mchanga wa pwani uliopitiwa na maji.

Tofauti hiyo si ya kupuuzwa, maana katika nyama ya kuchoma molasi ndiyo mfanyakazi na sukari ni mpagazi wake tu. Unyevu wake huvishika viungo vikavu vikang'ang'ania nyama badala ya kudondoka motoni. Uchungu wake mdogo na ukali wake mdogo huuzuia utamu usimchoshe mlaji kabla hajafika tonge la tatu. Na weusi wake huipa nyama rangi hata pale ambapo moto wenyewe ni wa upole. Basi atafutaye badala ya sukari hiyo asiulize ni kitu gani kilicho kitamu sawa nayo, kwani vitu vitamu ni vingi, bali aulize ni kazi ipi kati ya hizo anayoihitaji. Na kabla ya hilo aulize moto wake ni wa namna gani.

Moto wa Mmarekani apikaye kwa mtindo ule ni moto wa subira. Nyama huwekwa mbali na makaa, ndani ya tanuri la chuma lenye kifuniko, kwa joto la nyuzi 110 hadi 130 za Selsiasi, na hukaa humo saa nyingi, pengine tangu alfajiri hadi jioni, ikiiva kwa moshi na hewa ya moto wala si kwa mwali. Katika joto hilo sukari ya miwa haina hofu, kwa kuwa huanza kuyeyuka na kugeuka rangi ikaribiapo nyuzi 160, na uchungu wa kuungua huja baada ya hapo. Moto wa Tunduma ni wa haraka: pipa la chuma lililopasuliwa kati, wavu juu, makaa mekundu chini yake kwa umbali wa shubiri moja, na dereva anayetazama saa. Hapo joto la wavu hupita nyuzi 250 bila taabu, na sukari yoyote iliyopakwa mapema, iwe ya Kilombero au ya Kansas City huko Marekani, itakuwa masizi kabla nyama haijaiva karibu na mfupa. Nimeonja mbavu za namna hiyo mara nyingi. Nje nyeusi na chungu, ndani mbichi, na mchomaji analaumu mkaa.

Tiba yake haina gharama. Pipa lile lile lililopasuliwa huweza kutumika kwa namna mbili, makaa yakikusanywa upande mmoja na nyama ikawekwa upande wa pili usio na makaa, kisha ikafunikwa kwa nusu ya pili ya pipa au kwa bati safi lisilopakwa rangi wala madini ya kuzuia kutu. Nyama itaiva polepole kwa hewa ya moto, na katika dakika za mwisho ndipo huletwa juu ya makaa ipate rangi. Asiyekuwa na subira hiyo, na biashara ya mpakani haimpi kila mtu subira, achome nyama yake kwa chumvi kama alivyozoea mpaka iive, na utamu auweke mwishoni, dakika tano kabla ya kuepua. Kanuni hii ya wakati ina uzito kuliko hoja zote zifuatazo juu ya aina ya utamu, na laiti waandishi wa mapishi wangeiandika kwanza, mbavu nyingi zingesalimika.

Aidha ijulikane kuwa wekundu mzuri wa nyama choma hautoki kwenye sukari peke yake. Mwaka 1912 mwanakemia Mfaransa Louis-Camille Maillard alieleza jinsi sukari na viini vya protini, vikikutana katika joto, vinavyozaa rangi na harufu mpya, na jambo hilo hutokea hata kwa nyama isiyopakwa kitu chochote, uso wake ukisha kukauka na kupata joto la nyuzi 140 hivi. Lakini sukari hazina wepesi mmoja katika kazi hiyo. Ile ya kawaida ya miwa haiingii mpaka kwanza ivunjike. Glukosi na fruktosi, zilizo tele katika asali na matunda, na maltosi, iliyomo katika kimea, huingia moja kwa moja. Ndiyo maana kitu kimoja huipa nyama rangi upesi na kingine hukawia, ijapokuwa ulimi haukuona tofauti ya utamu wakati vilipokuwa bakulini.

Iko sababu nyingine ya kutafuta badala, nayo ni ya mfukoni. Sukari katika nchi yetu ina misimu yake ya fitina. Mwaka 2016, baada ya Rais John Magufuli kupiga marufuku uingizaji wa sukari pasipo kibali, bidhaa hiyo iliadimika madukani. Na mwanzoni mwa mwaka 2024, mvua nyingi za El Niño zilipozuia uvunaji wa miwa na kazi za viwanda, bei ya kilo moja ilipita shilingi 4,000 mahali pengi, hata Serikali ikatangaza bei elekezi na kuruhusu sukari ya nje iingie. Mkazi wa Tunduma ana faraja ya kuwa na nchi nyingine hatua chache kutoka mlangoni pake, na habari za magunia yavukayo usiku kwa njia za panya si siri kwa mtu. Lakini mchomaji mwenye busara hajengi biashara yake juu ya gunia liwezalo kukamatwa njiani.

Katika vitu vipatikanavyo mkoani Songwe, asali ya nyuki ndiyo ya kwanza kustahili heshima. Misitu ya miombo ielekeayo bonde la Ziwa Rukwa, na ile ya majirani huko Chunya na Inyonga, ni makao ya nyuki tangu kale, na warinaji wake wengi wangali wakitundika mizinga ya magogo na kufukiza moshi mwingi wakati wa kurina. Moshi huo huingia katika asali ukakaa humo, na wanunuzi wa nchi za ng'ambo huuhesabu kuwa kasoro. Lakini kasoro hiyo, ikifika juu ya wavu, hugeuka fadhila, kwa kuwa nyama choma huutaka moshi huo huo, na asali nyeusi ya miombo ina ule uchungu wa mbali ambao katika sukari ya kahawia hutolewa na molasi. Asali ya rangi ya dhahabu iliyochujwa mpaka ikawa haina harufu, ambayo huuzwa ghali katika chupa nzuri, ni hasara kuipeleka motoni.

Tabia ya asali sharti ijulikane kabla ya kuiamini. Sehemu 17 au 18 katika mia ni maji, na katika utamu wake fruktosi ndiyo nyingi, yapata sehemu 38, na fruktosi huanza kugeuka rangi kwenye nyuzi 110 tu, mapema mno kuliko sukari ya miwa. Kwa hiyo asali ni nyepesi kupendeza na nyepesi kuungua. Haifai kuchanganywa na viungo vikavu vya kupaka usiku kucha, kwa kuwa huvigeuza tope. Inafaa kuwa mchuzi wa kupaka mwishoni, ukitengenezwa kwa vijiko viwili vya asali, maji ya ndimu moja, tangawizi iliyotwangwa, chumvi na pilipili kichaa kwa kadiri ya ujasiri wa mlaji. Upakwe kwa shada la mchaichai lililopondwa ncha, nyama igeuzwe, ipakwe tena, kisha iepuliwe. Mapishi yakitaja kikombe kimoja cha sukari, robo tatu ya kikombe cha asali yatosha, na maji mengine yapunguzwe.

Wanunuzi wa Tunduma hulalamika kuwa asali waliyoinunua imeganda chupani wakati wa baridi ya Juni na Julai, wakadhani wameuziwa maji ya sukari. Dhana hiyo huwadhulumu wauzaji waaminifu. Asali safi yenye glukosi ya kutosha huganda yenyewe ikikaa katika ubaridi, na mji ulioinuka zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari hauna upungufu wa ubaridi. Chupa ikiwekwa katika maji ya uvuguvugu, asali hulainika tena. Wala ile desturi ya kuchovya njiti ya kiberiti katika asali na kuiwasha haina ithibati ya kutosha, kwa maana kuwaka kwake hutegemea unyevu zaidi kuliko usafi. Jambo moja tu la afya lisisahauliwe: mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali wala kilichopakwa asali, kwani huweza kubeba mbegu za kijidudu chenye sumu kali kwa watoto wachanga, na moto wa jikoni hauziui mbegu hizo kwa yakini.

Baada ya asali nakitaja kitu ambacho sijamwona mchomaji yeyote wa huku akikitumia, nami nastaajabu, kwa kuwa kimejaa katika nyumba zao. Ulezi ni nafaka ya nyanda hizi, na kila mama wa Kinyiha au wa Kinyamwanga ajuaye kutengeneza togwa au pombe ya kienyeji anajua kutengeneza kimea: ulezi huloweshwa, hufunikwa mahali penye joto mpaka uchipue, huanikwa juani na kusagwa. Ndani ya mbegu iliyochipua huzaliwa vimeng'enya vyenye uwezo wa kuuvunja wanga na kuufanya maltosi, na hiyo ndiyo siri ya uji usiotiwa sukari kugeuka mtamu ukikorogewa kimea na kuachwa. Sasa mtu akipika uji mwepesi wa mahindi au ulezi, akaungojea upoe kidogo mpaka kidole kiweze kuugusa lakini kisiweze kukaa, akatia kimea na kuufunika kwa blanketi saa chache, akauchuja kwa kitambaa na kuyachemsha maji yake polepole mpaka yapungue na kuwa mazito, atakuwa amepata asali ya nafaka, ya rangi ya hudhurungi, yenye harufu ya mkate uliookwa. Asitie kimea katika uji unaochemka, kwa maana joto hilo huviua vimeng'enya. Wala asiuache mpaka kesho yake, kwa maana utakuwa umeanza kuchachuka, na hiyo ni njia ya kwenda kilabuni.

Asali hiyo haifikii nusu ya utamu wa sukari, na hapo ndipo uzuri wake ulipo. Watu wengi wa hirimu ya wazee wetu hawapendi nyama iliyo tamu, wakiona kuwa utamu ni wa chai na maandazi. Maltosi huwapa rangi na mng'ao pasipo kuwasumbua kwa utamu. Wachina wameijua siri hii zamani, kwa kuwa bata wao mashuhuri wa Beijing, mwenye ngozi nyembamba inayong'aa na kuvunjika menoni, hupakwa asali ya nafaka ya namna hii kabla ya kuingia tanurini. Na mafundi wa nchi hiyo hiyo ndio waliokuja kuijenga reli ya TAZARA, kati ya mwaka 1970 na 1975, ikapita hapa Tunduma penye ulezi tele. Hayo ni ya kando. La muhimu ni kwamba kimea chenye ukungu kitupwe, kisionewe huruma, kwa ajili ya sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kuchemshwa.

Kwa atakaye kitu kikavu cha kuchanganya na viungo, jamaa wa karibu zaidi wa sukari ya kahawia ni sukari guru. Hii hupatikana kwa kuchemsha maji ya miwa mpaka yagande yote, pasipo kutenga molasi, basi molasi yake ni nyingi kuliko ile ya sukari ya kahawia yenyewe. Imepata jina baya, hapa kwetu na magharibi ya Kenya pia, kwa sababu wapika gongo huipenda. Lakini dhambi ya mpika gongo isihesabiwe juu ya bonge la sukari. Mnunuzi alivunje aangalie ndani, kwa kuwa matanuri ya vijijini hayakosi majivu na vipande vya maganda ya miwa. Kisha alitwange kinuni na kuchanganya sehemu moja na sehemu moja ya chumvi, nusu ya pilipili manga, na kiasi cha binzari nyembamba na kitunguu saumu kilichokaushwa. Mchanganyiko huo hupakwa nyama saa moja au mbili kabla ya kuchoma, nao hufaa kwa moto wa upande mmoja tuliouzungumzia. Juu ya makaa mekundu utaungua kama ziunguavyo sukari nyingine.

Wapo watakaoshawishika kununua molasi yenyewe, ambayo huuzwa kuwa chakula cha ng'ombe. Nawapa hadhari: molasi ya mifugo haikutengenezwa wala kuhifadhiwa kwa ajili ya binadamu, na pipa lililoibeba halijulikani lilibeba nini kabla. Ni salama zaidi kuiunguza sukari ya dukani kwa makusudi, ikayeyushwa kavu katika sufuria nzito juu ya moto mdogo mpaka iwe ya rangi ya chai ya rangi iliyokolea, kisha ikatiwa maji ya moto kidogo kidogo huku uso ukiwa mbali, maana huruka na huunguza kuliko mafuta. Kwa kuwa imekwisha kuungua kwa kiasi tulichotaka, hutoa rangi na uchungu kwa kipimo, na haituachi tukiutegemea moto wa pipani utupimie.

Kahawa nayo ina neno lake hapa. Wilaya ya Mbozi huishi kwa kahawa ya arabika, lakini wenyeji wake wengi hunywa chai, na unga wa kahawa nyumbani hukaa kabatini ukingojea mgeni. Kijiko kimoja cha kahawa iliyokaangwa na kusagwa laini kabisa, kikichanganywa na vijiko vitatu vya sukari yetu ya kawaida na chumvi, huirudishia sukari hiyo uchungu na weusi uliokosekana kwa uhaba wa molasi, na Marekani wako wachomaji wapakao nyama ya ng'ombe kahawa kwa sababu hiyo hiyo. Hii ndiyo njia rahisi kuliko zote kwa mtu wa Vwawa, na kama ningeulizwa nichague moja tu kwa ajili ya nyama ya ng'ombe ningeichagua hii, ingawa kwa kweli nyama nzuri ya ng'ombe hutendewa haki na chumvi peke yake, na Wateksasi, mashuhuri kwa uchomaji katika Marekani yote, wengi wao huipaka chumvi na pilipili manga tu.

Pwani ya Waswahili ilikwisha kuuona utamu katika nyama kabla ya mapishi ya simu kuzaliwa. Tembo la mnazi, kabla halijachacha, lilichemshwa likawa asali nzito. Na mishkaki ya Zanzibar na Mombasa, iliyoloweshwa katika tangawizi, kitunguu saumu na paipai bichi, huliwa na mchuzi wa ukwaju uliotiwa sukari kidogo, ukali na utamu vikishikana mikono. Ndugu zetu wa Omani, kwa ule ujamaa wa karne nyingi kati ya Maskati na Unguja, nao huuza mishkaki kandokando ya barabara na mchuzi wa ukwaju. Kutoka huko twaweza kuazima tende, ambazo wakati wa Ramadhani hufika hata maduka ya Tunduma: zikiloweshwa katika maji ya moto, zikapondwa na kuchujwa, hutoa uji mtamu mweusi unaokaa vizuri na ukwaju, na kwa nyama ya mbuzi sijui kitu kilicho bora zaidi.

Matunda mengine nitayapitia kwa haraka. Nanasi na paipai vina vimeng'enya vilainishavyo nyama, basi vikikaa nayo usiku kucha huifanya uji. Saa moja yatosha, na nusu saa kwa kuku. Ndizi mbivu huungua upesi na kuacha harufu isiyopatana na moshi. Makusu ya miombo, ambayo ng'ambo ya Nakonde huitwa masuku, ni matamu sana na yastahili kujaribiwa katika mchuzi wakati wa msimu wake, maadamu mtu ana uvumilivu wa kuzitoa mbegu.

Wauzaji wengi husifu asali na sukari guru kuwa ni dawa, au kwamba mgonjwa wa kisukari aweza kuzila pasipo madhara. Hilo si kweli. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, liliihesabu asali pamoja na sukari nyingine zinazopasa kupunguzwa, likashauri zisizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu yote ya chakula, na ikiwezekana nusu ya hiyo, yaani yapata gramu 25 kwa siku kwa mtu mzima. Madini yaliyomo katika molasi ni kidogo mno kwa kiasi kinacholiwa juu ya nyama. Wala vitamu visivyo sukari havitoi msaada hapa: stevia, ingawa majani yake hulimwa hata Kericho huko Kenya, hutia utamu lakini haileti ule wekundu, na aspatemu hupoteza utamu wake ikipata joto, na mwaka 2023 Shirika hilo hilo lilishauri vitamu vya namna hiyo visitumiwe kwa matumaini ya kupunguza unene. Mgonjwa wa kisukari apewe nyama ya chumvi na ndimu, naye hatakuwa amepunjwa kitu. Kwa mwingine hesabu haitishi: kijiko kimoja cha chakula cha asali, yapata gramu 21, chatosha kupaka kilo moja ya nyama, na kilo hiyo ikigawanywa kwa watu wanne kila mmoja amekula gramu 5 hivi, kiasi cha robo tatu ya kijiko cha chai, tena nyingine imebaki wavuni.

Nguruwe, ambaye katika baa za mkoa huu huitwa kitimoto na huliwa kwa wingi, ndiye anayepokea utamu kuliko wanyama wote, kwa sababu ya mafuta yake, na sukari guru yenye kahawa humfaa. Kuku wa kienyeji, kwa ugumu wake, achemshwe kwanza kisha apakwe asali ya kimea. Lakini mchomaji anayetaka kuuza vyote viwili, vya utamu na vya chumvi, awe na wavu wa kila kimoja. Sukari iliyoungua hushika chuma kwa nguvu, na mteja aliyeagiza mbuzi wa chumvi akionja uchungu wa asali ya mtu mwingine atakuwa na haki ya kuuliza, "Kaka, hii nyama au kashata?" Wavu wa utamu usuguliwe ukingali moto, kwa brashi ya waya na nusu ya kitunguu maji kilichochovywa katika mafuta, kisha ukaguliwe isibaki sindano ya waya, na wavu wa nguruwe, utamu uwepo au usiwepo, utengwe mbali na ile mingine pamoja na koleo lake, kisu chake na ubao wake, kwa maana katika foleni ile ya malori wamo Waislamu wengi, nao wakiona koleo moja likihama kutoka pipa hili kwenda lile, watavuka kwenda kula Nakonde.